MJADALA: Asiyebabaika huzaliwa au hufundishwa? Kazi za mlimani, wodini na zimamoto

Mleta mada (Moshi): Wakuu, kuna hoja naisikia kila kona: kijana asiyebabaika apelekwe kwenye kazi za presha, yaani kuongoza watalii mlimani, uuguzi wa dharura, zimamoto, mnara wa kuongozea ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mwenye papara atafute duka. Wapo wanaotaka hata vyuo vimpime mtu moyo wake kabla ya kumpokea. Mimi napinga, na naanzia mlimani, Kilimanjaro, kwa sababu ndiko ninakokujua.

Usiku wa kilele watu hutoka kambi ya Barafu karibu saa sita, ili wafike kileleni Uhuru, mita 5,895, asubuhi. Kabla ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, mgeni anaanza kuyumba kama mlevi, au anakohoa povu, ukimuuliza jina anakujibu kingine. Muongozaji aliyefunzwa anajua maana yake: maji yanajaa kwenye ubongo au mapafu, na tiba ya kwanza ni kushuka. Sasa hivi, hata kama mgeni analia kwamba amelipa madola na kilele kile pale. Ukimtazama utasema huyu kaka ana moyo wa jiwe. Wapi! Uamuzi ule ulishafanyika darasani, yeye anautekeleza tu. Sasa mpe kazi hiyo mtu mpole kuliko wote ambaye hazijui dalili hizo. Atamwambia mgeni "pole pole, tutafika", kwa sauti nzuri kabisa, na atamuua.

Nesi wa zamu (Arusha): Kaka, mlimani sijui, ila wodini umekosea. Tumesoma darasa moja, tuna vyeti vilevile. Usiku wanaletwa majeruhi watatu wa bodaboda kwa mpigo, mwenzangu anaganda na mkasi mkononi. Cheti hakikumsaidia.

Mleta mada: Dada, wewe ulianza na nani?

Nesi wa zamu: Aliyekuwa kimya. Anayepiga kelele anapumua, huyo anaweza kusubiri kidogo.

Mleta mada: Hukuzaliwa ukilijua hilo.

Wa Sakina: Kama kutoshtuka ndio sifa, madereva wa hiace wa Arusha wote waajiriwe zimamoto kesho 😂

Mgumu (Marangu): Mnabishana juu ya moyo, hakuna aliyetaja mfuko. Mimi nabeba mizigo. Huku tip ni sehemu kubwa ya kipato, na mgeni aliyerudishwa kabla ya kilele mara nyingi ananuna. Muongozaji anaziona dalili, anajua ashuke, lakini ada ya mtoto iko kwenye tip hiyo. Anampa nusu saa nyingine. Hapo utamlaumu tabia au chuo? Akilipwa vizuri, awe na uhakika kwamba akimrudisha mgeni hatakosa safari ijayo, utashangaa waongozaji watulivu walivyo wengi.

Mleta mada: Hili sikuliwaza, mkuu. Linanipa nguvu zaidi: hata presha yenyewe nyingine tumeitengeneza wenyewe.

Mama wawili (Njiro): Binti yangu anaongea sana na machozi yako karibu. Mwalimu kamwambia uuguzi hautamfaa. Ana miaka kumi na sita! Alipoungua mdogo wake, yeye ndiye aliyemweka mkono kwenye maji ya bomba akamshikilia hapo, wakati sisi wakubwa tunatafuta dawa ya meno. Alilia baadaye.

Nesi wa zamu: Mama, huyo mleteni. Kulia baadaye hata sisi tunalia, chooni. Ila kaka, bado nataka watu wapimwe, nisieleweke vibaya. Nisichotaka ni kumpima mtu mlangoni, kwa maswali ya karatasi. Afundishwe kwanza, afanye zamu za usiku miezi kadhaa akiwa na mkubwa wake pembeni, arudie mazoezi ya dharura mpaka mikono izoee. Anayeendelea kuganda baada ya hapo ahamishiwe kliniki ya watoto au maabara, bila kuaibishwa.

Mgumu (Marangu): Na mshahara uleule?

Nesi wa zamu: Uleule.

Mleta mada: Kwa masharti hayo dada, tumebaki kubishania miezi tu. Wa zimamoto mko wapi, mbona kimya?