MJADALA: Wanafunzi wanaopigania haki za washona nguo wanawasaidia au wanawakosesha kazi?

Wakuu naomba tulijadili hili maana kila likitajwa naona watu wanasema wanafunzi wa vyuo wanaogomea nguo za makampuni makubwa ni watoto walioshiba, hawajui njaa, na kwamba kiwanda kikifungwa anayelala njaa ni yule dada wa kwenye cherehani, sio wao. Siidharau hoja hiyo. Oda ikihamishwa watu wanabaki bila mshahara, hilo halina ubishi. Ila mi naona lawama tunawatwisha wasiohusika.

Angalieni ya Honduras. Mwanzoni mwa 2009 kampuni ya nguo ya Marekani, Russell Athletic, ilifunga kiwanda chake cha kushona nguo kilichoitwa Jerzees de Honduras, watu kama 1,200 wakakosa kazi, na hao walikuwa wametoka kuunda chama chao cha wafanyakazi. Sasa nani alifunga kiwanda hapo, mwanafunzi? Wafanyakazi wenyewe ndo walizunguka vyuo vya Marekani wakaeleza yaliyowakuta, wanafunzi wa United Students Against Sweatshops (umoja wa wanafunzi wa Marekani wanaopinga viwanda vinavyonyonya wafanyakazi) wakawabana wakuu wa vyuo vyao, na karibu vyuo 100 vikavunja au kusitisha mikataba ya zile fulana na sweta zenye nembo ya chuo. Novemba mwaka huohuo kampuni ikakubali kufungua kiwanda kingine, kuwarudisha kazini wale waliofukuzwa na kukitambua chama chao. Yani kugomea ndo kulirudisha ajira. Mwaka uliofuata Nike nao walikubali kutoa dola milioni 1.54 kwa washonaji wa viwanda viwili hukohuko Honduras vilivyofungwa bila kulipa mafao, na hiyo ni baada ya chuo kikuu cha Wisconsin-Madison kuachana na mkataba wao.

Na hapa ndo watu wengi wanachanganya mambo. Nguvu ya mwanafunzi haiko kwenye hela yake ya kununua tisheti moja, hiyo kampuni haiisikii hata. Iko kwenye mkataba, kwa sababu nembo ni mali ya chuo, kampuni inalipia kuitumia, na chuo kinaweza kuweka masharti na kikaondoka yakivunjwa, na mkuu wa chuo mwanafunzi anajua ofisi yake ilipo, wakati mshonaji kumfikia tu mkurugenzi wa kampuni inayotoa oda ni ndoto.

Wale mnaosema tuwaachie makampuni yajikague yenyewe, hapo siwezi kukubaliana kabisa. Lile jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza pale Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh, baadhi ya viwanda vya ndani yake vilishapita ukaguzi. Aprili 23, 2013 nyufa zikaonekana, benki na maduka ya chini yakafungwa, lakini washonaji wa juu kesho yake wakaamriwa warudi kazini, na wapo walionusurika wakaeleza kwamba walitishiwa kunyimwa mshahara wasipoingia. Jengo likaanguka asubuhi ile, wakafa watu zaidi ya 1,100. Fikiria mtu ameuona ufa kwa macho yake na bado anapanda ngazi kwa sababu kodi ya nyumba inamsubiri, na hakuna chama cha kusema kwa niaba yake hatuingii, maana viwanda vya mle ndani havikuwa na chama hata kimoja. Hili huwa linaniuma kila nikilifikiria. Baada ya hapo ndo makampuni zaidi ya 200 yakasaini makubaliano yanayobana kisheria kuhusu usalama wa majengo na moto, na yalisaini kwa kusukumwa na vyama vya wafanyakazi na wanaharakati, wanafunzi wakiwemo.

Niseme pia pale wapinzani wana haki. Ukiwaambia watu wasinunue chochote kilichoshonwa Bangladesh hapo kweli unamkata mshonaji miguu, sikubaliani na kampeni za namna hiyo hata kidogo. Msimamo wangu ni kwamba usigomee kabla hujawasikia wanaoshona, chama chao kikisema goma tugome, kikisema subirini tusubiri.

Swali linalonitatiza na ndo nataka mnisaidie hapa, pale ambapo chama hakipo au aliyejaribu kukianzisha kafukuzwa, mwanafunzi aliye mbali amsikilize nani? Aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha nguo aanze yeye tafadhali.