Mjadala: Mkeka wa mechi moja, kampuni zilazimishwe kuonyesha makato yake?

Mpima Odi (mtoa hoja)

Wakuu, naleta hoja. Mkeka wa mechi moja, ule wa kuunganisha matukio ya mchezo uleule kwenye tiketi moja (mwenyeji ashinde, ova 2.5 yaani mabao matatu au zaidi, fulani afunge), ndio kampuni za kubeti zinaousukuma mbele. Msimamo wangu ni kwamba kabla mteja hajathibitisha, tiketi imwonyeshe kampuni inabakiza asilimia ngapi.

Kwenye soko la kawaida mteja anajihesabia mwenyewe. Mwenyeji 1.95, sare 3.80, mgeni 3.65. Gawa 1 kwa kila odi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda), jumlisha, unapata 1.05 hivi. Kile kinachozidi 1 ndicho makato. Kwenye mkeka wa mechi moja hesabu hiyo haifanyiki, kwa sababu unaonyeshwa odi ya mchanganyiko wako tu, na michanganyiko mingine yote iliyobaki huioni.

Upande wa Meza

Ndugu mtoa hoja, umeruka sababu ya msingi ya odi kushushwa, na watu wengi wanadhani ni wizi mtupu. Chukua mechi ambayo mwenyeji anategemewa mabao 1.6 na mgeni 1.1. Ukitumia hesabu ya Poisson (fomula inayogeuza wastani wa mabao kuwa uwezekano wa kila matokeo), mwenyeji anashinda kwa asilimia 49 hivi, na ova 2.5 inatoka kwa asilimia 50.6. Ukizidisha unapata asilimia 24.8. Lakini mwenyeji kushinda na mabao kuwa mengi ni mambo yanayobebana. Ukihesabu matokeo moja moja (2-1, 3-0, 3-1 na kuendelea), yote mawili kwa pamoja yanatokea kwa asilimia 29.6.

Sasa fikiria kampuni imeweka mwenyeji 1.95 na ova 1.88. Ikikuruhusu uzidishe, unapata 3.67. Zidisha hiyo kwa 0.296, jibu ni 1.085. Yaani kila 100 unayoweka inakurudishia wastani wa 108.5. Hakuna meza, yaani kampuni inayopokea madau, inayoweza kudumu hivyo. Ndiyo maana mkeka wa kawaida, ule wa mechi tofauti, unakataa kabisa matukio yanayotegemeana, na ndiyo maana ule wa mechi moja una mtambo wake wa kupanga bei.

Mpima Odi

Mkuu, hesabu zako nazikubali zote, na ndizo zinazonipa nguvu. Asilimia 29.6 maana yake odi ya haki (isiyo na makato) ni 3.38. Kushuka kutoka 3.67 hadi 3.38 ni halali. Ila mteja akikuta 2.95, hicho kipande cha kutoka 3.38 kushuka ni nini? Zidisha 2.95 kwa 0.296, unapata 0.873. Kampuni imebakiza karibu asilimia 13, wakati kwenye singo (dau la tukio moja) ingebakiza chini ya 5. Hata ukiruhusu makato ya singo zote mbili yapandiane, odi ingekuwa 3.07. Mteja anaambiwa "imeshuka kwa sababu matukio yanahusiana", na ndani ya sentensi hiyo ya kweli kunapitishwa makato ya ziada.

Na kuna upande ambao hausemwi kabisa: matukio yanayokinzana. Kwenye mechi hiyohiyo, mwenyeji ashinde na anda 2.5 (mabao yasizidi mawili) kwa pamoja ni asilimia 19.35 tu, kwa sababu ni matokeo mawili pekee, 1-0 na 2-0. Kuzidisha kwa kudhani hayahusiani kunatoa odi 4.14, odi ya haki ni 5.17. Hapa uhusiano unatakiwa *uipandishe* odi. Mteja akipewa 4.20 anaona kapewa zaidi ya kuzidisha, anafurahi, kumbe kakatwa karibu asilimia 19.

Singo Tu

Hapo kwenye anda pana njia ya kujikagua bila kusubiri sheria. Mwenyeji ashinde na anda 2.5 ni 1-0 au 2-0, basi. Fungua soko la matokeo kamili. Tuseme 1-0 ina odi 8.00 na 2-0 ina 10.00. Gawa 1 kwa 8, gawa 1 kwa 10, jumlisha upate 0.225, kisha gawa 1 kwa hiyo: 4.44. Dau la 1,000 unaligawa 556 kwenye 1-0 na 444 kwenye 2-0, na lolote likitoka unapokea kama 4,440. Ikiwa mkeka wa mechi moja unakupa 4.20 kwa kitu hichohicho, hakuna sababu ya kuuchukua.

GG (timu zote mbili zifunge) na anda 2.5? Ni 1-1 peke yake. Linganisha moja kwa moja.

Kipimo kingine cha kuona kama mtambo unafanya kazi sawasawa: weka mwenyeji ashinde na GG, andika odi, halafu ongeza ova 2.5. Mwenyeji hawezi kushinda huku wote wamefunga bila mabao kufika matatu, kwa hiyo odi haitakiwi kusogea hata nukta. Wengi wanaongeza chaguo hilo la tatu wakidhani wanajenga mkeka mnene. Hawajajenga kitu.

Kwa hiyo mimi napinga sheria mpya. Mtu anayetaka kujua anaweza kujua.

Mpima Odi

Anaweza kwa mabao tu, ndugu. Weka kona ova 9.5, mshambuliaji apige mashuti mawili ya kulenga goli, na beki apate kadi. Utalinganisha na soko gani? Hakuna. Na huko ndiko kampuni inakosukuma watu, kwenye chaguo nne tano za takwimu za wachezaji.

Upande wa Meza

Na huko ndiko makato yanakohitajika kuwa makubwa. Uhusiano wa kona na kadi haukadiriki kirahisi. Hata mabao yenyewe yana shida: watakwimu Dixon na Coles walionyesha mwaka 1997 kwamba matokeo madogo, 0-0, 1-0, 0-1 na 1-1, hayaendi sawa na Poisson ya timu mbili zisizotegemeana, wakalazimika kuweka kirekebishi. Kampuni isiyo na uhakika na bei yake inajilinda kwa kuacha pengo kubwa zaidi kwenye odi. Ukiilazimisha iandike asilimia, itaandika makadirio ya mtambo wake yenyewe, na hakuna atakayeweza kuyahakiki.

Jicho la Kanuni

Wakuu, mnagombania odi na mmeacha masharti, ambako pesa hupotelea vilevile. Mshambuliaji wako asipocheza kabisa, kampuni moja inafuta tiketi nzima na kurudisha dau, nyingine inaondoa chaguo hilo na kupanga bei upya kwa yaliyobaki. Ya pili inaweza kukuachia odi usiyoijua hadi mechi imeanza. Kama ameingia dakika ya 85, kwa kawaida chaguo linahesabika. Bao la kujifunga halimhesabiki mfungaji. Na mechi za mtoano zinaamuliwa kwa dakika 90 na za nyongeza ya majeruhi, isipokuwa soko limeandikwa vinginevyo. "Mwenyeji ashinde" na "mwenyeji afuzu" ni vitu viwili.

Pia msidhani uhusiano ni wa ndani ya dakika 90 pekee. Kombe la Dunia 1982, Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria walicheza Algeria, mpinzani wao wa kundi, ikiwa imeshamaliza mechi zake jana yake. Ujerumani kushinda kwa bao moja au mawili kuliwavusha wote wawili, na ikaisha 1-0. Ujerumani ashinde, anda 2.5, Austria afuzu: hayo matatu kiukweli ni mawili, la tatu linakuja lenyewe. Kampuni ikipokea mkeka kama huo kwa bahati mbaya, kanuni nyingi zinairuhusu kuuvunja kuwa singo au kuufuta baada ya matokeo. Hapo ndipo ningeanza na sheria: tiketi ikishapokelewa kwa odi iliyoonyeshwa, kampuni isiruhusiwe kugundua uhusiano baada ya mteja kushinda.

Upande wa Meza

Hilo naliunga mkono bila sharti. Mtambo ndio uliopokea, na mtambo ni wa kampuni.

Mpima Odi

Basi narekebisha hoja. Kama asilimia ya tiketi moja haihakikiki, kampuni itangaze kila mwezi jumla ya madau na jumla ya malipo ya mikeka ya mechi moja, peke yake, isichanganywe na singo. Hizo si makadirio ya mtambo, ni fedha zilizoingia na kutoka, na mkaguzi anaweza kuzifungua. Upande wa Meza, hiyo nayo unaipinga kwa sababu gani?