Blue ya Joni Mitchell: kwa nini Little Green yangu haisikiki kama ya kwenye rekodi?

nyuzi_sita
Wakuu, habari zenu. Najifunza Little Green iliyoko kwenye albamu ya Blue (1971). Kodi za gitaa ninazozikuta mtandaoni zinasema weka kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) freti ya 4 (freti ni vile vyuma vya shingoni), halafu piga G, C na D za kawaida. Ufunguo unalingana na rekodi, ila sauti hailingani hata kidogo: ya Joni inavuma, yangu imekauka. Kuna noti za juu nazisikia zikiendelea kulia wakati kodi inabadilika, na vidole vyangu haviwezi kuzishika zote. Swali la pili: All I Want na Carey za albamu hiyohiyo zimepigwa kwa gitaa la aina gani? Naomba maelekezo ya hatua kwa hatua.

uzi_wa_tano
Mkuu, vidole vyako havina kosa. Tatizo ni tyuni, yaani noti ambayo kila uzi umekaziwa. Wimbo huo umepigwa kwa G ya wazi, yaani ukipiga nyuzi zote bila kushika kitu unapata kodi kamili ya G. Joni aliugua polio akiwa na miaka 9 ikamwachia mkono wa kushoto dhaifu, kwa hiyo kazi kubwa aliihamishia kwenye vigingi vya gitaa.

Toka kwenye tyuni ya kawaida, legeza uzi wa 6 (ule mnene) kutoka E hadi D, uzi wa 5 kutoka A hadi G, na uzi wa 1 kutoka E hadi D. Uzi wa 4, 3 na 2 hauguswi. Kutoka mnene kwenda mwembamba utakuwa na D G D G B D. Joni mwenyewe huandika tyuni kwa herufi moja na namba, na hii inakuwa D57543: uzi wa 6 ni D, freti yake ya 5 inalingana na uzi wa 5 ukiwa wazi, freti ya 7 ya uzi wa 5 inalingana na uzi wa 4, na kuendelea. Zoea mtindo huu. Unaweza kutyuni kwa sikio tu, bila kifaa chochote.

Unapolegeza, shuka chini kidogo ya noti unayoitaka kisha ukaze kuipandia. Ukiishia kwenye kulegeza, uzi utateleza tena katikati ya wimbo. Na ukishalegeza nyuzi tatu, shingo ya gitaa imepunguziwa mvuto, hivyo zile ulizoziacha zitapanda kidogo. Rudia zote sita mara mbili ndipo uweke kapo.

Kapo freti ya 4, kwa hiyo G yako inasikika B kama kwenye rekodi. Iweke karibu kabisa na chuma cha freti, isikazwe kupita kiasi. Nyuzi zilizolegezwa huvutika kirahisi, na kapo ngumu hupandisha uzi wa 6 hadi kodi nzima isikike chachu. Kagua tyuni tena baada ya kuiweka.

Sasa mkono wa kushoto (hesabu freti kuanzia kwenye kapo). G: usishike kitu. C: uzi wa 4 freti ya 2, uzi wa 2 freti ya 1, uzi wa 1 freti ya 2, na uzi wa 3 uache wazi. Ukiinua kile kidole cha uzi wa 2 peke yake, tayari uko Em. Sikiliza uzi wa 3 hapo: G yake haikatiki kodi zote tatu. Hiyo ndiyo noti uliyokuwa unaisikia ikiendelea. D ya haraka ni kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote freti ya 7.

Kosa la wengi ni kidole gumba. Kwenye G ya wazi mzizi wa kodi (noti inayoipa kodi jina) uko uzi wa 5, si wa 6. Ukianza besi na uzi wa 6 unapata D chini ya G, na wimbo unasikika kama hauna pa kukanyaga.

nyuzi_sita
Asante sana mkuu, G sasa inavuma. Ila uzi wa 6 unakereketa kwenye freti nikiupiga kwa nguvu. Na nikikaza uzi wa 1, unakaa kimya halafu unaruka ghafla.

uzi_wa_tano
Kukereketa kunatokana na uzi mwembamba uliolegea. Kama umefunga seti ya 0.011 (unene wa uzi wa 1 kwa inchi), nenda 0.012 au 0.013. Huko kuruka ni uzi kunasa kwenye mfereji wake pale juu ya shingo: utoe kidogo, sugua penseli ndani ya mfereji, urudishe.

mapajani
Nijibu hilo la pili. All I Want na Carey si gitaa la Joni. Ni dulsima, chombo chembamba kinacholazwa mapajani. Ya kwake aliipata mwaka 1969 kwa fundi Joellen Lapidus, kwenye tamasha la Big Sur, California, na mwaka uliofuata akasafiri nayo Ulaya. Watu wengi huishika Blue kama albamu ya gitaa, lakini hesabu: nyimbo ni 10, dulsima iko kwenye 4 (All I Want, Carey, California, A Case of You), piano kwenye 4 (My Old Man, Blue, River, The Last Time I Saw Richard). Joni anapiga gitaa kwenye 2 tu, Little Green na This Flight Tonight. Gitaa la All I Want, California na A Case of You ni James Taylor. La Carey ni Stephen Stills, na besi pia ni yeye.

Ukitaka kukaribia dulsima kwa gitaa, tyuni C G C G G C, kwa namba za Joni C75705. Haina noti ya tatu ya ngazi (ile inayoifanya kodi isikike ya furaha au ya huzuni), ndiyo maana inabaki na ule uwazi. Wengine hutumia D A D A A D, lakini hapo uzi wa 3 unapandishwa toni nzima na mvuto wake unaongezeka zaidi ya robo. Uzi uliochoka utakatika. Kwa C, uzi wa 2 utalegea mno, hivyo funga wa 0.018 mahali pake. Kwa California weka kapo freti ya 4 ufike E.

Melodia iende uzi wa 1 kwa freti 0, 2, 4, 5, 7, 9, 10 na 12 tu, kwa sababu dulsima ina ngazi hizo bila nusu toni za katikati. Nyuzi nyingine ziache zilie wazi muda wote. Mkono wa kulia usidonoe. Chapa nyuzi zote, na kwenye pigo la 2 na la 4 angusha kiganja juu yake zinyamaze ghafla. Mchapo huo ndio unaoibeba Carey.

kinanda_cheusi
Niongeze kidogo tu. River usihangaike kuihamishia kwenye gitaa. Mwanzo wake ni melodia ya Jingle Bells iliyowekewa kodi za huzuni chini, na utamu uko kwenye mkono wa kushoto wa piano. Na kwenye This Flight Tonight, pale sauti inapokuwa nyembamba ghafla kama inatoka redioni, spika zako ziko salama. Imefanywa makusudi studio.