Naomba ushauri: niende Kyoto na kundi leo asubuhi au nibaki hotelini?

Mkaa Dirishani (mleta uzi), saa 5:05 usiku

Wakuu, habari za usiku. Nipo Tokyo na kundi la watu 22, ziara ya siku tisa ambayo nimeilipia kidogo kidogo mwaka mzima. Tulitua Narita juzi jioni. Safari yenyewe ilikuwa ndefu: karibu saa sita hadi Doha, saa nne za kusubiri, halafu zaidi ya saa kumi hadi huku. Nilikaa dirishani, majirani zangu wawili wakalala fofofo, nikaona aibu kuwaamsha. Tangu Doha nilinyanyuka mara moja tu. Na Narita si Tokyo, ni kama kilomita 60, kwa hiyo tukapanda tena basi.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya matembezi. Asubuhi tulikwenda hekalu la Senso-ji kule Asakusa, lile lenye taa kubwa nyekundu langoni, mchana tukaenda Meiji Jingu. Kiongozi wetu anatangulia na kibendera cha njano na hamsubiri mtu. Njia ya kuingia Meiji ni ya changarawe, miti mirefu pande zote, pazuri mno, lakini mimi nilikuwa naangalia kibendera tu kinavyozidi kwenda mbali. Nimerudi nimechoka, miguu imevimba, usingizi hauji. Sasa hivi kumeshapambazuka na sijafumba jicho.

Saa mbili asubuhi ya huku tunatoka hotelini kwenda kupanda Shinkansen, treni ya haraka, ya Kyoto. Niende, au nipumzike leo niwafuate kesho? Nikibaki, kiongozi anasema gharama ni yangu. Naomba ushauri bila matusi.

Kofia Mbili, saa 5:11 usiku

Pole sana dada. Huo ni uchovu wa kubadilisha saa, nenda tu. Kuruka kuelekea mashariki kunachosha kuliko kuelekea magharibi, maana mwili unalazimishwa kulala kabla haujawa tayari. Mimi nilipokwenda Seoul niliamka saa nane usiku siku nne mfululizo, nakaa kitandani nakunja na kukunjua nguo. Usilale mchana, toka nje upate mwanga, utakaa sawa.

Bi Mkubwa wa Kona, saa 5:14 usiku

Nimesafiri na makundi mara nne. Msafara una adabu yake: mmoja akilegea, wote wanalegea. Ulipolipa ulijua kuna kutembea. Vaa viatu vya maana, uende na wenzako.

Tikiti Mkononi, saa 5:16 usiku

Kyoto usiikose! Ni kama saa mbili na robo tu kwa treni ya haraka. Omba kiti cha E, upande wa kulia ukitoka Tokyo, uuone mlima Fuji kabla hata ya saa moja kwisha. Na pima begi lako: likizidi sentimita 160 ukijumlisha urefu, upana na kimo, kiti chake lazima kiwe kimewekewa nafasi ya mzigo. Mimi walinisimamisha na begi langu na treni imeshafika.

Zamu ya Usiku, saa 5:17 usiku

Dada, umeandika "miguu imevimba". Ni yote miwili au ni mmoja?

Mkaa Dirishani, saa 5:25 usiku

Asanteni wote. Tikiti Mkononi, begi langu ni dogo. Zamu ya Usiku, ni mmoja, wa kushoto. Lakini ndio niliokuwa nimeubana ukutani kwenye ndege, nadhani ni hilo tu. Nimeuegemeza juu ya mito miwili.

Zamu ya Usiku, saa 5:28 usiku

Mimi ni muuguzi, naomba unijibu yote. Tafuta kamba yoyote. Kuna kile kifupa kilichojitokeza chini ya goti. Shuka upana wa kiganja kutoka hapo, zungushia kamba kwenye mguu wa kulia, weka alama, kisha peleka kamba hiyo hiyo kushoto. Ngozi ina moto? Ukibonyeza shavu la mguu linauma? Unatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Umelazwa au kufanyiwa upasuaji miezi ya karibuni? Kifua kinabana, pumzi zinakatika?

Kofia Mbili, saa 5:30 usiku

Shangazi yangu aliwahi kushuka kwenye ndege kavimba miguu hadi viatu vikakataa. Tulimkanda na maji ya moto ya chumvi, asubuhi yuko sokoni. Akandwe huyo.

Zamu ya Usiku, saa 5:31 usiku

Asikandwe na asisuguliwe. Nawasihi.

Mkaa Dirishani, saa 5:41 usiku

Nimevua kamba ya suruali ya kulalia. Nimefunga fundo pale inapokutana mguu wa kulia. Kushoto ncha hazikutani, panabaki nafasi ya vidole viwili. Soksi nayo imechimba mfereji mguu wa kushoto, wa kulia haina hata alama. Ngozi ina moto kidogo, ndiyo. Inauma nikikunja kanyagio juu. Kifua hakina shida. Vidonge situmii.

Hesabu Kali, saa 5:46 usiku

Wakuu, hii ni chai. Uzi umefunguliwa saa tano usiku, yeye anasema kumeshapambazuka. Mtu mgonjwa, hajalala, anapata wapi muda wa kupima mguu kwa kamba na kusimulia soksi? Kama kweli umepita Narita, tuambie uhamiaji walikuchukua vidole vipi.

Kofia Mbili, saa 5:48 usiku

Duh. Na mimi nimeshamtoa shangazi yangu hadharani.

Bi Mkubwa wa Kona, saa 5:50 usiku

Nami nimeona kitu. Ameulizwa upasuaji, amejibu yote isipokuwa hilo.

Tikiti Mkononi, saa 5:51 usiku

Hesabu Kali, Japani wapo saa sita mbele yetu. Saa tano usiku ya hapa ni saa kumi na moja alfajiri ya kule, na mwezi huu wa Juni jua la Tokyo linachomoza kama saa kumi na nusu. Kwenye hilo hajadanganya.

Mkaa Dirishani, saa 5:58 usiku

Vidole vya shahada, vyote viwili kwa pamoja, kisha ukaangalia kamera wakakupiga picha. Nilikuwa natetemeka nikidhani wataniuliza habari za afya.

Bi Mkubwa, ni kweli. Nilipasuliwa goti la kushoto wiki tano zilizopita. Ni vitundu viwili vidogo tu, nilitoka hospitali siku ile ile. Daktari alisema naweza kutembea. Kuhusu ndege hakusema kitu, na mimi sikumuuliza, kwa sababu nilijua nikiuliza atanizuia. Fomu ya bima iliuliza kama nimefanyiwa upasuaji ndani ya miezi mitatu, nikajaza hapana. Kiongozi hajui, hata ninayelala naye chumba kimoja hajui.

Msinielewe vibaya. Tiketi zilikuwa zimeshalipwa na hazirudishwi. Nimemeza aspirini, nimevaa soksi za kubana, na kwenye treni nitanyoosha mguu. Nikisema, bima itanikana, nitaachwa peke yangu kwenye nchi ambayo siwezi kusoma hata kibao cha choo.

Zamu ya Usiku, saa 6:04 usiku

Mdogo wangu, asante kwa kusema. Sikiliza sasa.

Damu ikikaa muda mrefu bila kusukumwa na misuli ya mguu inaweza kuganda ndani ya mshipa. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007: safari ya saa nne au zaidi inazidisha hatari hiyo kama maradufu. Kwa mtu mzima wa afya bado ni ndogo, kama mmoja kati ya watu 6,000. Wewe huhesabiwi humo. Una mguu uliopasuliwa juzi juzi, ukaukunja saa kumi, na sasa mguu huo huo una moto na umeuzidi mwenzake. Tofauti ya sentimita tatu kwenye shavu la mguu ni dalili inayohesabiwa na madaktari, na vidole viwili vinakaribia hapo.

Huenda likawa jambo dogo. Nami siwezi kukupima kwa simu. Lakini bonge la damu likichomoka huwa linakwenda kwenye mapafu, na halitoi taarifa. Aspirini hailiyeyushi. Kipimo ni cha picha ya mawimbi ya sauti, hakiumi. Gari la wagonjwa Japani ni namba 119 na usafiri wake haulipiwi. Mapokezi ya hoteli watakupigia.

Mkaa Dirishani, saa 6:09 usiku

Basi niende nao nikapimwe Kyoto. Kule pia kuna hospitali kubwa. Ni saa mbili na robo tu.

Zamu ya Usiku, saa 6:10 usiku

Hapana. Kifua kikikubana treni iko katikati ya safari, nani atakusaidia? Usishuke ngazi peke yako. Mwamshe mwenzako.

Bi Mkubwa wa Kona, saa 6:13 usiku

Mwanangu, ni mimi niliyekwambia uvae viatu uende. Nafuta. Fomu uliidanganya na utawajibu bima wenyewe, wanaweza kweli kukataa kulipa, lakini deni mtu hulilipa akiwa hai. Mkono wa mtu ukiwa kwenye kitasa cha mlango wa kiongozi, maneno yatakuja yenyewe. Nenda.

Hesabu Kali, saa 6:15 usiku

Vidole umejibu sawa. Samahani dada. Nimeona nyuzi nyingi za uongo humu mpaka nimekuwa mgumu. Nenda hospitali.

Mkaa Dirishani, saa 6:31 usiku

Mwenzangu wa chumba ndiye amekwenda kugonga. Kiongozi amekuja na povu la mswaki mdomoni. Nilidhani atafoka. Ameangalia mguu, ameangalia kamba, ameinua simu ya chumbani akazungumza Kijapani haraka haraka. Nimemwambia na la goti. Amenyamaza, kisha akaniuliza kama nimekula kitu.

Kofia Mbili, saa 7:20 usiku

Jamani, yupo wapi?

Kofia Mbili, saa 9:02 usiku

Silali mpaka mrejesho.

Mkaa Dirishani, saa 10:40 alfajiri

Mrejesho. Nipo hospitali. Wamenipaka mafuta ya baridi wakapitisha kile kifaa, na nyuma ya goti wakakibonyeza mara nyingi mahali pamoja. Mshipa ukiwa mzima, ukiubonyeza unabonyea. Wa kwangu haukubonyea. Kuna bonge. Mapafu wameyapima pia, ni salama. Daktari alikuwa anazungumza na mkalimani kwenye simu, wanapokezana, neno kwa neno. Nimeanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, na kupanda ndege mpaka waniruhusu. Bima nimewaandikia ukweli wote. Hawajajibu.

Kiongozi amekabidhi kundi kwa msaidizi wake, yeye amebaki nami. Kibendera amekikunja kipo kwenye begi.

Tikiti Mkononi, wenzangu walikaa upande wa kulia kama ulivyosema. Wameniandikia kwamba kulikuwa na mawingu, mlima haukuonekana.