Mjadala: Je, helikopta za mashambulizi zinafaa kuwinda mitambo ya makombora inayohamahama?

Mtoa hoja, Tabora: Ndugu zangu, wapo wanaoshikilia kwamba helikopta kama Apache ndiyo dawa ya makombora ya balistiki yanayorushwa kutoka kwenye malori. Mimi napinga. Katika Vita vya Ghuba vya 1991, Iraki ilirusha makombora ya Scud yapatayo 88, na ingawa ndege za Marekani na washirika wake zilizunguka jangwani usiku kucha, tathmini iliyoagizwa na Jeshi la Anga la Marekani na kutolewa 1993 haikuweza kuthibitisha hata mtambo mmoja wa kuhamahama ulioharibiwa na ndege hizo. Wairaki walirusha, wakaondoka ndani ya dakika chache, wakajificha chini ya madaraja. Pimeni kwa ardhi yetu: Tabora hadi Kigoma, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 350. Apache inayokwenda kilomita 260 hivi kwa saa itafika moshi umeshatawanyika.

Mjibu, Kigoma: Ndugu yangu, hesabu yako inachukulia kwamba helikopta zitasubiri uwanjani Tabora. Kwa nini zisitegwe jirani na eneo linaloshukiwa, zijaziwe mafuta hukohuko porini? Ndege za 1991 ziliruka juu kukwepa mizinga, na kutoka huko lori lolote hufanana na jingine. Helikopta hunyemelea chini, ikasimama hewani na kuchungulia kwa kamera ya joto, na kombora lake la Hellfire hufika takriban kilomita 8. Usiku ule vita vilipoanza, tarehe 17 Januari, Apache 8 ndizo zilizofumua vituo vya rada vya Iraki.

Mtoa hoja: Ni kweli, ila vituo vile havikuwa na magurudumu, mahali pake palijulikana mapema. Katika barabara ya Urambo msimu wa tumbaku, rubani atalitambuaje lori la kombora katikati ya malori yaliyofunikwa maturubai, yote yakiwa na injini za moto? Kuruka chini nako kuna gharama. Karibu na Karbala, Iraki, Machi 2003, Apache zipatazo 30 zilitumwa dhidi ya Walinzi wa Jamhuri, kikosi teule cha jeshi la Iraki. Karibu zote zilirudi zimetobolewa kwa risasi, na moja ilibaki huko, marubani wake wawili wakatekwa. Nitazikubali pale tu wapelelezi wa ardhini watakapokuwa wamekwisha kuliona lori. Kazi ya kukesha angani iachiwe ndege zisizo na rubani.

Mjibu: Kwa wapelelezi tunakubaliana. Kuhusu ndege zisizo na rubani, bado: msimu wa mvua, miombo ikiwa na majani, kamera zake zitaona nini kutoka juu?