Hoho za nyumbani: mbegu ya kawaida, chotara F1, au za kutoa kwenye tunda?

Mwanabustani (Kigamboni)
Wakuu habari zenu. Nina matuta mawili nyuma ya nyumba, jua linapiga tangu asubuhi hadi alasiri. Nataka hoho za kula nyumbani na za kumgawia jirani, biashara sina mpango nayo. Duka la pembejeo wana California Wonder, hiyo mbegu ya kawaida, na wana chotara F1 (kizazi cha kwanza cha aina mbili zilizochanganywa) ambayo mbegu chache tu bei yake imechangamka. Mama mkwe anasema nitoe mbegu kwenye hoho za sokoni, bure. Nifuate lipi? Na nisie wapi: trei, kitalu cha chini, au moja kwa moja kwenye tuta?

Usambara Mboga (Lushoto)
Karibu mkuu. Kwa mlo wa nyumbani chukua California Wonder. Ipo tangu 1928 na bado inalimwa kila kona: tunda la pembe nne, nyama nene, ukiliacha mtini linaiva jekundu. Gramu moja ina mbegu kama 150, hivyo paketi ndogo kabisa inakutosha na kubaki. Zinazobaki zifunge kwenye chupa kavu, weka penye ubaridi, mwakani utazitumia.

Za sokoni mimi sizishauri. Hoho nyingi tunazonunua ni za kijani, zimechumwa kabla ya kuiva, na mbegu zake bado changa. Zitaota chache na kinyonge. Kama Mama anasisitiza, basi atafute lililoiva jekundu kabisa. Hata hapo hamtajua mzazi wake ni nani. Likiwa ni la chotara, miche itatoka kila mmoja na sura yake.

Nakuru Hoho (Kenya)
Naomba nitofautiane kidogo na ndugu wa Lushoto. Chotara si ya wafanyabiashara peke yao. Kama udongo wako umewahi kulimwa nyanya au biringanya na mimea ikanyauka ghafla ikiwa bado kijani, mbegu ya kawaida itakusumbua. Zipo F1 zilizozalishwa kustahimili mnyauko wa bakteria na baadhi ya virusi, na hapo ile bei inajilipa.

Ila soma paketi kabla ya kutoa pesa. Nyingi za zile hoho nyekundu na za manjano za bei ghali zimetengenezwa kwa ajili ya kitalu nyumba: zinarefuka sana, zinataka kufungwa kwenye kamba na kupogolewa kila wiki. Ukizipeleka kwenye tuta la wazi hutaona thamani yake. Uliza iliyoandikwa ni ya shamba la wazi.

Bi Fuoni (Unguja)
Mwanangu, mnabishana mbegu, wewe uko pwani kama mimi. Adui wako wa kwanza ni joto. Pilipili boga, hiyo hoho yenu, haipendi usiku wa moto: mti utanawiri, utachanua, kisha maua yote yanapukutika chini na huambulii tunda. Mchana ukivuka digrii 32 na usiku ukabaki juu ya 24, hata hiyo ya bei ghali itapukutisha.

Kwa hiyo pangia maua yakute kusi. Sia mwezi wa tatu au wa nne, lakini chini ya upenu, maana masika yatakufukulia kila mbegu. Mwezi wa tano mwishoni unahamishia kwenye tuta, na ukichanua Juni na Julai usiku umeshapoa. Ukisia Oktoba, maua yatakuta kaskazi, na hapo usilaumu duka.

Mimi nalima kwenye ndoo zilizotobolewa chini. Jua la mchana likizidi nazisogeza kivulini kwa mwembe. Tuta halisogei, basi weka makuti juu yake saa za jua kali.

Bwana Miche (Morogoro)
Bi Fuoni amesema kweli tupu. Niongezee la kusia, maana hoho nyingi hufia hapo.

Moja kwa moja kwenye tuta, usifanye. Hoho huota taratibu. Magugu yatakuwa yameshatangulia. Kitalu cha chini kinafaa anayetaka miche mamia. Kwa mahitaji yako trei ndiyo sahihi, au viriba vidogo. Mche wa trei unahama na udongo wake na mizizi haikatiki, wakati ule wa kung'oa kitaluni hulala siku kadhaa kabla ya kushika.

Changanya udongo wa msituni, samadi iliyoiva sawasawa na mchanga wa mto. Umwagie maji yanayochemka, uache upoe. Mbegu iingie sentimita moja tu. Joto likiwa digrii 25 hadi 30 utaona kichwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Kwa ndugu zetu wa Lushoto mwezi Julai, wasubiri zaidi.

Sasa angalia kinyausi. Jioni mche umesimama vizuri, asubuhi umelala. Uinamie uutazame pale shina linapogusana na udongo: shingo imekuwa ya kahawia na nyembamba kama uzi. Huo hauponi, utoe na udongo wake. Chanzo ni maji mengi na miche kubanana. Mwagilia asubuhi, uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya jioni.

Hamisha mche ukiwa na majani manne hadi sita halisi, kama wiki sita hadi nane. Sentimita 45 kati ya mche na mche, 60 kati ya mistari. Na maji yawe ya mpangilio: ukikausha siku nne kisha ukafurikisha, matunda yataoza kitako.

Mwanabustani (Kigamboni)
Asanteni sana, nimeshaamua: California Wonder, trei, nisubiri mwezi wa tatu. Swali moja tu. Jirani ana pilipili ndefu ukutani kabisa. Hoho zangu hazitakuwa kali?

Usambara Mboga (Lushoto)
Za msimu huo hapana, mkuu. Nyuki akileta chavua ya pilipili, tunda unalokula linabaki tamu, ila mbegu zake zimeshachanganyika. Ukizipanda msimu unaofuata ndipo utakutana na hoho inayounguza mdomo.

Kwa hiyo kwa ajili ya mbegu, chagua mti mmoja wenye afya na matunda mazuri. Ua likiwa bado halijafunguka, livishe kifuko cha kitambaa chepesi, ulitikise kidogo kila asubuhi likichanua, kwani hoho hujichavusha yenyewe. Tunda likishafunga, toa kifuko, funga uzi mwekundu kwenye kikonyo na uwaambie wa jikoni wasilichume mpaka liive jekundu lote na kuanza kunywea.

Nakuru Hoho (Kenya)
Na kwa F1 usijisumbue na hilo, mbegu zake hazirudii sifa za mzazi. Hapo Lushoto amenishinda.