Tupeane uzoefu: seva ya kanzidata inayodondoka hovyo, wewe ulimkuta nani nyuma yake?

Mwanzisha uzi
Wakuu, nianze na yangu. PostgreSQL (programu ya kanzidata) juu ya Linux, RAM GB 16. Kila baada ya siku mbili tatu inadondoka, inainuka yenyewe, watumiaji wote wameshakatwa. Kwenye logi (faili la kumbukumbu za matukio) mstari wa maana ni mmoja tu: "terminated by signal 9: Killed". Wiki nzima nimeisoma logi ile ile kama vile nikiirudia itaongeza neno.

Jibu lilikuwa kwa jirani: `dmesg -T | grep -i killed`, yaani ujumbe wa kerneli, kiini cha Linux. Memori iliisha, kerneli ikamtafuta mlaji mkubwa ikamchinja. Na kwa PostgreSQL, mtoto mmoja akiuawa hivyo, mchakato mama unawaondoa na wenzake wote, maana hauna hakika kama memori waliyokuwa wakiitumia pamoja bado ni salama.

Kosa lilikuwa langu. Niliweka work_mem MB 256 nikidhani ndiyo kikomo cha memori cha seva nzima. Kumbe ni cha kila hatua ya kupanga data, na swali moja la ripoti linaweza kuwa na hatua kadhaa. Watu 40 wakivuta ripoti kwa wakati mmoja, hatua moja moja tu ni GB 10. Nimeshusha hadi MB 16, nikaweka vm.overcommit_memory=2 (kerneli isiahidi memori kupita kiasi), ili memori ikibana swali moja ligome badala ya wote kufa. Imetulia. Haya, shusheni zenu.

Mchangiaji wa 2
Yangu ni ya aibu. df (amri ya kuonyesha nafasi ya diski) inasema diski imejaa 100%, nikijumlisha ukubwa wa mafaili kwa du hata nusu haifiki. Jioni ile nilikuwa nimefuta kwa rm faili la logi la GB 60, nikajisifu. Faili ukilifuta huku mchakato umelishikilia, jina linaondoka lakini nafasi hairudi. `lsof +L1`, inayoorodhesha mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikiliwa, ikanionyesha mara moja. Siku hizi logi kama hiyo naikata kwa truncate, inayofuta yaliyomo na kuacha faili. Na kama df iko sawa lakini kuandika kunagoma, jaribuni `df -i`, huenda inodi (nafasi za kusajili mafaili) ndizo zimeisha.

Mchangiaji wa 3
Hii yangu hamtaamini. PostgreSQL niliikompaili mwenyewe, mtumiaji wake nikamtengeneza kwa useradd ya kawaida. Inakwenda vizuri siku kadhaa. Siku nikiingia kwa jina hilo kuikagua, nikishatoka tu, maswali makubwa yanaanza kulia: "could not open shared memory segment". Nikaanza kudhani nina mkosi!

Kumbe ni systemd, msimamizi wa huduma za Linux. Mpangilio wake wa RemoveIPC mara nyingi huja umewashwa: mtumiaji wa kawaida akifunga kikao chake cha mwisho, logind (sehemu ya systemd inayosimamia vikao) inafagia memori yake ya pamoja, hata kama seva bado inaitegemea. Watumiaji wa mfumo, wale wa `useradd -r`, hawaguswi. Nikaweka RemoveIPC=no kwenye logind.conf, mkosi ukanitoka.

Mwanzisha uzi
😂😂 Kwa hiyo daktari ndiye aliyekuwa anamuua mgonjwa kila akimtembelea.

Mchangiaji wa 4
MySQL (kanzidata nyingine), "Too many open files". Nikaongeza kikomo cha mafaili kwenye limits.conf, wapi! Huduma inayowashwa na systemd haifuati faili hilo. Weka LimitNOFILE kwenye faili la huduma yenyewe, halafu thibitisha kwa `cat /proc/PID/limits` (PID ni namba ya mchakato). Usiamini ulichoandika, amini anachosema mchakato.

Mchangiaji wa 5
Mimi bado niko vitani. Yangu inazima mashine nzima, logi inakatika katikati ya mstari, dmesg nikirudi haina kitu. RAM nimeipima usiku kucha, safi. Nashuku pawasaplai. Leo nimeelekeza logi ziende mashine nyingine kwa rsyslog, nisikie neno lake la mwisho kabla ya kukata roho. Ikizima tena nitaleta hapa.